Alama 11 za N.: Jaribio la Kusikiliza Lililopima Kitu Kingine

Usuli

Kisa hiki kinahusu wanafunzi 96 wa sekondari ya juu, wenye umri wa miaka 16 hadi 18, wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Nimeondoa jina la shule na majina ya watu wote, na nimebadilisha mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Maswali, makosa na maamuzi nimeyaacha kama yalivyokuwa, yakiwemo ya kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeongoza kamati ya walimu watatu iliyotunga jaribio.

Shule ilikuwa na nia njema. Mwaka uliotangulia, wahitimu kadhaa walifanya mitihani ya kimataifa ya Kiingereza na wote wakaleta habari moja: kusoma tuliweza, kusikiliza kulitushinda. Uongozi ukatenga saa nne kwa wiki za madarasa ya msaada, saa mbili za kusikiliza na mbili za kusoma. Kamati yetu ikapewa kazi ya kusema nani aende wapi, na orodha zilitakiwa ndani ya wiki mbili.

Kiwango tulichokilenga kilikuwa B1 kuelekea B2, kwa ngazi sita za ujuzi wa lugha zilizotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, zinazoanzia A1 hadi C2. Mwanafunzi wa B1 anatarajiwa kushika hoja kuu za mazungumzo yaliyo wazi, katika Kiingereza sanifu, juu ya mambo anayoyazoea shuleni, kazini au kwenye mapumziko. Maneno "yaliyo wazi" yamo ndani ya maelezo ya ngazi yenyewe. Tuliyasoma, tukayapita.

Jaribio lenyewe

Sehemu ya kusikiliza ilikuwa na maswali 30, kila swali na machaguo manne. Tuliiga muundo wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: sehemu nne, rekodi inasikika mara moja tu. Sababu yetu ilikuwa kwamba wanafunzi ndiko waendako, basi wazoee mapema. Hatukujiuliza kwa nini mtihani wa Cambridge wa ngazi ya B1 hurudia kila rekodi mara mbili. Mtihani mmoja unataka kumtofautisha mwenye ngazi ya kati na mwenye ngazi ya juu sana kwa karatasi ileile; mwingine unataka kujua tu kama umefika B1. Swali letu lilifanana na la pili, na sisi tukachukua chombo cha kwanza.

Sehemu ya kusoma ilikuwa na vifungu vinne na maswali 30 ya kuchagua, dakika 60. Mpaka wa kufaulu tuliuweka 15 kwa kila sehemu. Kwa nini 15? Kwa sababu ni nusu ya 30. Sababu nyingine haikuwepo.

Siku ya jaribio, mikondo miwili, wanafunzi 64, ilikaa ukumbini. Mkondo wa tatu wenye wanafunzi 32 ulikaa kwenye chumba cha lugha, kidogo na chenye zulia, kwa kuwa ukumbi haukuwatosha wote. Kila mahali tuliweka spika mbili mbele. Tulifungua rekodi kujaribu sauti, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye spika, nikasema inasikika vizuri.

Matokeo ya kwanza na kosa la ubao wa matangazo

Wastani wa kusikiliza ulikuwa 13.2, wa kusoma 18.6. Wanafunzi 61 walikuwa chini ya mpaka katika kusikiliza, na 24 katika kusoma. Tulipoziona namba hizo tulitikisa vichwa tukakubaliana kwamba wahitimu wa mwaka jana walisema kweli. Namba ilikuwa imetuambia tulichokwisha kukiamini, na hiyo ndiyo hali ambayo mtu huacha kuichunguza.

Orodha zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na majina na alama. Hilo sikulizuia, ingawa ningeweza.

Siku ya pili yake N. alikuja mlangoni. N. ni msichana ambaye tangu mwaka wa kwanza hujadiliana nami kwa Kiingereza bila kuniomba nirudie. Alikuwa amepata 11 katika kusikiliza na 26 katika kusoma. Hakuja kulalamika. Alisimama na daftari mkononi akauliza, "Mwalimu, darasa la msaada linaanza Jumatatu hii au ijayo?"

Nilimjibu, kisha nikakaa na karatasi yake. Msichana huyu ananisikia mimi, anawasikia wageni wanaotutembelea, anasikia mahojiano na kuyasimulia darasani. Je, 11 ni ya nini?

Mwenzangu katika kamati alikuwa na fumbo lake, la upande wa pili. K., mvulana wa mkondo uleule, alipata 19 katika kusikiliza. Ukimpa K. maelekezo ya mdomo kwa Kiingereza, "fungeni vitabu, geuzeni karatasi, andikeni nyuma", hutazama jirani yake kwanza ndipo afanye. Alama zake zilimweka nje ya orodha ya msaada.

Tulimwendea mkuu wa shule tukaomba wiki moja zaidi. Hoja yake haikuwa nyepesi: wanafunzi 61 wanahitaji msaada, saa zimetengwa, kila wiki tunayochelewa ni wiki yao. Tulimwonyesha karatasi mbili tu, ya N. na ya K., tukamweleza tunavyowajua darasani. Akatupa siku tano.

Siku tano

*Siku ya kwanza: nani alikaa wapi.* Tulitenganisha alama kwa vyumba. Chumba cha lugha kilikuwa na wastani wa 15.4, ukumbi 12.1. Mikondo haikupangwa kwa uwezo, na katika kusoma wastani wake ulikuwa karibu sawa. Kisha tukachukua ramani ya viti ya ukumbi. Nusu ya mbele: 13.5. Nusu ya nyuma: 10.7. Jioni nilikwenda kukaa safu ya mwisho, mwenzangu akafungua rekodi. Mwangwi wa ukuta wa nyuma ulikula miisho ya maneno. Kwenye swali la 8 msemaji anataja bei, na tofauti kati ya "fifteen" na "fifty" inakaa kwenye mkazo na kwenye ile "n" ya mwisho. Nilisikia "fifty" mara tatu mfululizo. Jibu sahihi ni 15, na swali nililitunga mimi.

*Siku ya pili: kusikiliza huku wakieleza.* Tuliwaita wanafunzi kumi, watano wenye alama kubwa za kusoma na ndogo za kusikiliza, na watano wenye kinyume chake au waliotushangaza. Mmoja mmoja walirudia maswali machache huku wakituambia wanachofanya.

N. alipofika swali la 14 alisimamisha kalamu. "Hapa, Mwalimu. Nilikuwa bado nasoma chaguo la tatu, rekodi ikaendelea. Nikasema nimalize kusoma kwanza, nikakosa na swali la 15."

Tukahesabu. Swali la 14, pamoja na machaguo yake manne, lilikuwa na maneno 87. Nafasi ya kulisoma kabla ya rekodi kuendelea ilikuwa sekunde 12. Hiyo ni sawa na maneno 435 kwa dakika. Mtu mzima ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza husoma kimyakimya maneno 200 hadi 300 kwa dakika. Tulikuwa tumewataka wanafunzi wa B1 wamshinde kwa mbali, kisha tukaiita kazi hiyo kusikiliza. Na mwanafunzi makini, anayesoma kila chaguo kwa uaminifu kabla ya kuamua, ndiye aliyeumia zaidi. Mwenye kubahatisha haraka aliendelea na safari.

K. naye alitueleza njia yake bila kuficha, na kwa kweli ilikuwa njia ya akili: "Mimi nasikiliza neno moja tu, Mwalimu. Nikilipata, nalitafuta kwenye machaguo. Lenye neno hilo naweka alama." Tulirudi kwenye maswali yote 30 tukatafuta ni mangapi ambayo jibu sahihi lina neno lilelile linalosikika kwenye rekodi, huku machaguo mengine hayana. Yalikuwa 13. Mwanafunzi mwenye kushika neno moja moja tu, bila kuelewa sentensi hata moja, alikuwa na 13 mkononi, na kubahatisha kungemwongezea nne hivi katika yale 17 yaliyobaki. Yuko juu ya mpaka.

*Siku ya tatu: imla.* Hii ndiyo siku iliyobadilisha mawazo yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Imla tulikwisha kuiacha miaka mingi tukiiona ya kizamani. Tulichukua sentensi 12 kutoka kwenye rekodi zetu wenyewe, tukawapa wale kumi kwa hedifoni, kila sentensi mara mbili, waandike walichosikia. Tuliwaambia tahajia haihesabiwi.

Sentensi ya tano: "He should have told her before they left."

N. aliandika: "He should of tolder before they left."

Mwalimu wa sarufi ndani yangu aliona makosa mawili. Mwalimu wa kusikiliza alipaswa kuona kitu kingine kabisa: hakuna sauti hata moja iliyompita. Katika Kiingereza cha kawaida "have" ikitanguliwa na "should" hupoteza mkazo, irabu yake hufifia, "h" huanguka, na kinachobaki kinasikika kama "of". "Her" nayo huacha "h" yake ikajigandisha kwenye "told". N. aliandika kile hasa kilichofika sikioni. Nilipomuuliza maana, alisema bila kusita: alitakiwa amwambie kabla hawajaondoka, na hakumwambia.

K. aliandika: "He shoot hotel ... before ... left."

Hapa unaona sikio linavyohangaika. Limeshika maneno matatu yenye mkazo au yanayojulikana, "he", "before", "left", na katikati limebahatisha. "Told her" limekuwa "hotel", kwa sababu hotel ni neno analolijua na sauti zinakaribiana. Maana aliyonipa ilikuwa ya mtu aliyepiga picha hotelini kisha akaondoka. Na swali lililotokana na sentensi hii, K. alilipata, kwa kuwa jibu sahihi lilikuwa na neno "left".

Msemaji wa Kiswahili atalielewa tatizo hili upesi akisikiliza lugha yake mwenyewe. Sisi kila irabu tunaitamka, na mkazo una mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio lililolelewa hivyo linasubiri kila silabi ije kamili. Kiingereza hakiji hivyo: maneno ya maana hupigwa mkazo, na maneno madogo ya kisarufi, "have", "of", "to", "her", "them", hufinywa katikati hadi yakakaribia kutoweka. Mwanafunzi anaweza kulijua kila neno kwenye karatasi na asilione hata moja kwenye sauti. Huyo hahitaji msamiati. Anahitaji kuonyeshwa mahali maneno yanapojificha.

*Siku ya nne: kusoma bila kifungu.* Kufikia hapo sikuiamini tena hata 18.6 ya kusoma. Tulichukua maswali 30 ya kusoma, tukaondoa vifungu vyote vinne, tukawapa wanafunzi 12 wa mwaka wa nyuma yao ambao hawakuwahi kuviona. Kwa kubahatisha tu mtu angepata kama 7.5. Wastani wao ulikuwa 13. Maswali 11 yalijibiwa sawasawa na watu tisa au zaidi kati ya 12.

Sababu ilikuwa wazi ukiyatazama. Moja liliuliza kwa nini nyuki ni muhimu kwa wakulima, nani asiyejua? Katika jingine jibu sahihi lilikuwa refu mara mbili ya mengine, kwa kuwa mtungaji alitaka liwe sahihi kabisa. Katika la tatu, machaguo mawili yalikuwa na "always" na "never", na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kufanya mitihani miwili mitatu huyakwepa hayo bila kusoma.

*Siku ya tano: swali la 22.* Tulifanya uchambuzi wa swali moja moja, kazi iliyopaswa kutangulia ubao wa matangazo. Tulichukua asilimia 27 ya wanafunzi wa juu na asilimia 27 ya chini, 26 kila upande, tukatazama kila swali limepatwa na wangapi katika kila kundi. Swali zuri hupatwa zaidi na wa juu. Swali la 22 lilipatwa na tisa wa juu na 14 wa chini: kielelezo cha hasi 0.19, yaani tofauti ya makundi hayo mawili ikigawanywa kwa 26.

Rekodi ya swali hilo ina mwanamke anayesema juu ya safari yake: "Well, it wasn't exactly what I'd hoped for." Tuliuliza ana hisia gani. Jibu letu rasmi lilikuwa kwamba hana uhakika, tukishikilia "not exactly" kama lilivyo. Wanafunzi bora walichagua kwamba amevunjika moyo. Ndicho anachosema. Waingereza husema hivyo wanapotaka kulaumu kwa adabu, na wanafunzi wetu walilisikia hilo wakati kamati ya walimu watatu haikulisikia.

Maamuzi, na kwa nini

Tulifuta orodha zote mbili, na tangazo la kuzifuta tukalibandika palepale. Mkuu wa shule alipendekeza tuzirekebishe kimyakimya. Tulikataa kwa sababu alama zilikuwa zimetangazwa hadharani, na mwanafunzi aliyeaibishwa hadharani hafutwi aibu faraghani.

Uthabiti wa jaribio la kusikiliza, yaani kiasi ambacho alama zake zinaaminika, kwa kanuni ya Kuder na Richardson ya mwaka 1937, ulitoka 0.68 pale ambapo 1 ni uthabiti kamili, na mtawanyiko wa alama (mkengeuko sanifu) ulikuwa 4.2. Kwa namba hizo, kosa la kipimo ni kama alama 2.4 kila upande: aliyepata 13 huenda uwezo wake ni 11, huenda ni 15. Wanafunzi 39 walikuwa kati ya 13 na 17. Yaani watu 39 kati ya 96 walikuwa wamepangwa upande huu au ule wa mpaka kwa tofauti ambayo kipimo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuiona.

Tukatunga jaribio la pili. Kusikiliza: maswali 24, mafupi, yasiyozidi maneno 15, na nusu dakika ya kuyasoma kabla ya kila sehemu. Kila rekodi mara mbili. Machaguo tuliyaondoa isipokuwa kwa maswali sita. Mengine yalikuwa ya kuandika jibu fupi, na mwanafunzi aliruhusiwa kuandika kwa lugha anayoitaka. Uamuzi huu ulitugawa. Mwenzangu mmoja aliona tunavunja somo la Kiingereza. Nilishikilia kwamba siku ile hatupimi kuandika. Anayejua kwamba treni imechelewa kwa sababu ya mafuriko amesikia, hata akiandika kwa lugha ya bibi yake. Tukaongeza imla ya sentensi sita.

Wote walifanyia kwenye chumba cha lugha, kwa makundi ya watu 16, asubuhi moja, mara sita. Waliosubiri walikuwa darasani na mwalimu ili maswali yasivuje. Ilichosha.

Kusoma tuliyatupa yale maswali 11, tukabaki na 19, tukaongeza matano. Kwa kila swali la hoja, mwanafunzi alitakiwa kuandika pia namba ya mstari uliomwonyesha jibu. Kulikuwa na pendekezo la kutumia klozi, mbinu ya Wilson Taylor ya mwaka 1953 ya kufuta maneno kwa mpangilio, tuseme kila neno la saba, na mwanafunzi ayajaze. Ni rahisi kutunga na kusahihisha. Tuliiacha kwa sababu shida tuliyotaka kuiona ilikuwa ya kupotea katikati ya hoja ndefu, na klozi mara nyingi humaliziwa ndani ya sentensi ileile.

Matokeo

N. alipata 19 kati ya 24. K. alipata 8.

Katika wale 61 wa orodha ya kwanza, 29 walibaki wakihitaji msaada wa kusikiliza na 32 walitoka. Wanane ambao hawakuwahi kuwa kwenye orodha waliingia, K. akiwemo. Jumla 37.

Imla ikatusaidia kuwagawa hao 37, jambo ambalo alama peke yake isingeweza. Tuliwapa kwenye karatasi maneno waliyoyakosa kwenye sauti. Wanafunzi 22 waliyajua karibu yote walipoyaona yameandikwa. Shida yao ilikuwa sikio. Wengine 15 hawakuyajua hata kwenye karatasi; hao kuwachezea rekodi ni kuwapotezea muda, walihitaji msamiati na kusoma kwingi. Tukawafanya makundi mawili yenye walimu tofauti.

Baada ya wiki kumi tulirudia kwa rekodi mpya za ugumu tuliojitahidi kuulinganisha. Katika kundi la sikio, 14 kati ya 22 walivuka. Katika kundi la msamiati, wanne kati ya 15. Msamiati haujengwi kwa wiki kumi, na tulipaswa kuwaambia wazazi hivyo tangu mwanzo.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichotuokoa ni kuwa na picha ya mwanafunzi iliyotangulia namba. Kama tungekuwa wasahihishaji wa mbali, 11 ya N. ingebaki 11. Sisemi hisia ya mwalimu ishinde jaribio, maana mwalimu naye ana upendeleo wake. Nasema zikigongana, mgongano huo ni taarifa, na inafaa kuutafutia chanzo kabla ya kuchagua upande.

Imla ilifaa kuliko nilivyotegemea, lakini kwa kazi moja maalumu: kuonyesha mahali sikio linapokatika. Haipimi kama mtu ameelewa hoja au nia ya msemaji. Ingekuwa kosa jipya kuigeuza kuwa jaribio zima.

Jaribio la kuficha kifungu lilitugharimu dakika 40 na karatasi chache. Kwa upande wa kusoma, sijui ukaguzi mwingine wa bei ndogo unaofichua mengi hivyo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa kubwa lilikuwa kulinganisha 13.2 na 18.6. Majaribio mawili yenye ugumu tofauti, yaliyotungwa siku tofauti, hayana mizani ya pamoja. Kusema "wanasoma vizuri kuliko wanavyosikia" kwa namba hizo ni sawa na kusema chumba ni kirefu kuliko jiwe lilivyo zito. Na bado sentensi hiyo ndiyo iliyosomwa kwenye kikao cha walimu, nami nilikuwepo.

Usahihishaji wa majibu mafupi ulitusumbua. Walimu wawili waliosahihisha bila kuonana walitofautiana mara nyingi kwenye fungu la kwanza la karatasi, hasa kwa majibu nusunusu: "imechelewa" bila sababu, je ni alama au si alama? Tulilazimika kusimama, kuandika mwongozo wenye mifano ya majibu yanayokubaliwa na yasiyokubaliwa, na kuanza upya. Mwongozo huo ulipaswa kuandikwa kabla ya jaribio, pamoja na maswali.

Rekodi zetu zote zilikuwa za sauti tupu. Nje ya chumba cha mtihani mtu husikiliza akiona uso, mikono, mahali alipo msemaji, na anaweza kusema "samahani, umesemaje?" Mwanafunzi asiyeweza kuuliza hivyo kwenye rekodi anaweza kuwa msikilizaji hodari mezani. Hilo hatukulipima mara zote mbili.

Halafu wale wanane. Kumwambia mtu aliyekwisha kuambiwa amefaulu kwamba hakufaulu ni jambo zito. Baba yake K. alikuja shuleni, ana haki, akauliza 19 imekwenda wapi. Hatukumjibu kwa namba. Tulimwomba K. mwenyewe amwekee babake ile sentensi ya tano kwenye hedifoni, kisha amwonyeshe alichoandika siku ya imla na alichoandika wiki ya tatu ya darasa. Wiki ya tatu alikuwa ameandika "He should a told her before they left." Mzee aliisikiliza mara mbili, akamwuliza mwanawe maana, K. akamweleza sawasawa.

N. kwa upande wake hakunyoosha mkono darasani kwa zaidi ya wiki mbili baada ya ule ubao wa matangazo. Alama yake mpya tulimpa mkononi. Alinyoosha tena siku tuliyojadili swali la 22 darasani, nilipowauliza wanafunzi yule mwanamke wa safari anahisi nini na nikawaambia kwamba jibu la kamati lilikuwa na kosa. Alieleza "not exactly" kwa wenzake vizuri kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kufanya.

Sasa kabla ya jaribio lolote la kusikiliza, walimu watatu tunakaa safu ya mwisho ya chumba chenyewe, viti vilevile, bila majibu mbele yetu, tunalifanya lote kwa kalamu. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuliondoa maswali manne.